Chumba cha Watu Sita, Bafu Moja

Sikuwa na mke. Alikuwa na miaka minane ardhini. Sikuwa na gari, mimi niliyeendesha magari ya mabalozi kwa miaka ishirini na mbili. Sikuwa na meno manne ya mbele. Haya mnayoyaona pichani juu ya safu hii ni ya kununua. Sikuwa na nyumba, ila chumba kimoja na jiko lake kule Molenbeek, juu ya duka la mapazia. Sikuwa na rafiki wa kunikosoa, kwa kuwa wote niliwakosoa mimi kwanza. Na sikuwa na uwezo wa kuzuia mkojo.

Nilichokuwa nacho ni vyeti vitatu vya Kifaransa nilivyovipata shule ya jioni, nikiwa na nywele tayari nyeupe. Vimetundikwa ukutani, kila kimoja na fremu yake.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, mambo yalikuwa hivi. Nilifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali moja ya hapa Brussels ambayo sitaitaja. Madaktari walifanya kazi yao vizuri, lakini nilitoka pale navaa pampasi, mtu wa miaka sabini na tatu. Nikamficha mwanangu Tito. Nikamficha mkewe Océane. Nikawaficha wajukuu. Nikaapa kwamba nitakufa na siri hiyo.

Mtu mmoja tu aliijua. Siku ya tatu baada ya kisu mlango ulifunguliwa, akaingia msaidizi wa wauguzi na beseni la maji ya vuguvugu. Alikuwa Mama Alphonsine, mama yake Océane. Mkwe mwenzangu.

Nikafumba macho. Akaniosha kila mahali, akabadilisha shuka, akatoka. Tangu siku ile hakuwahi kulisema jambo lile kwangu wala kwa mtu yeyote.

Na kwa hilo nilimchukia.

*

Ilikuwa Jumapili, nyumbani kwa Tito, kule Jette. Tulikuwa tumemaliza kula.

"Baba," Tito akasema, "likizo ya vuli tunaenda bustani ya michezo. Ile kubwa ya kusini, yenye treni za kupinduka. Siku tatu. Wote sita: mimi, Océane, watoto, wewe na mama mkwe. This time hatumwachi mtu."

"Na mimi nitapanda treni za kupinduka?"

"Wewe utakaa ule aiskrimu. Lakini hoteli utuchagulie wewe. Wewe ndiye msomi wa familia."

Nikaweka kijiko chini taratibu, ili heshima ile isimwagike.

"Papa, utafute bien, hein," Océane akasema. "Kwenye kuko piscine, batoto baogelee."

"Babu, chagua yenye dabo deka," akadakia Chloé, mjukuu wangu wa miaka tisa. "Mimi nalala juu."

Wakati huo Mama Alphonsine alikuwa jikoni, amekaa kwenye kistuli, anakula peke yake, mgongo ameugeuzia mlango. Kwao Katanga, yeye alivyolelewa, mama mkwe na mume wa binti yake hawali pamoja. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Kwa miaka kumi na mmoja Tito alikuwa akimwamkia kutoka korido, naye akiitikia kutoka jikoni.

Niliutazama mgongo ule. Nikafikiria siku tatu: gari moja, meza moja, maongezi ya wanawake yasiyoisha, na mdomo wa yule mama karibu na sikio la mwanangu.

Hapo ndipo wazo liliponiingia.

*

Nilifanya kazi siku tano katika maktaba ya mtaa. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na rula.

Bustani ile ina hoteli tatu. Moja iko kando ya barabara kuu, sina la kusema juu yake. Nyingine ni vibanda vya mbao vilivyojengwa kuzunguka bwawa, kila kibanda na bafu lake na choo chake. Tito na familia yake hapa, Mama Alphonsine pale, mimi kule, na asubuhi wote tunakutana kwenye chai. Ilikuwa kama imejengwa baada ya mtu kutupima sisi.

Niliitazama nusu saa nzima. Kisha nikaifunga.

Ya tatu ni kasri, na minara yake na bendera zake. Ndani yake kuna chumba cha familia: kitanda kikubwa kimoja na dabo deka mbili. Watu sita. Bafu moja, lenye mlango wa kioo cha ukungu unaosukumwa pembeni.

Nikachapa picha yake kwa rangi.

Mtaniuliza: na wewe je, na pampasi zako, ungelala wapi? Nilikuwa nimekwisha kupanga. Mimi ningeumwa mgongo siku moja kabla ya safari. Sikuitaka safari. Nilitaka Mama Alphonsine asiende, na nilitaka ajiondoe mwenyewe, kwa adabu yake mwenyewe, asiwepo wa kunilaumu.

*

Jumapili iliyofuata nilivaa tai. Nikapanga karatasi zangu mezani.

"Nimezichunguza zote," nikasema. "Kasri ndiyo yenyewe. Chumba kimoja, sote sita. Familia pamoja."

Chloé akapiga makofi. Mdogo wake, Mathieu, akauliza kama joka la kasri limo kwenye bei.

Tito akakuna kichwa. "Chumba kimoja, Baba? Na mama mkwe?"

"Ana kitanda chake. Hesabu mwenyewe."

"Si suala la kitanda. Unajua."

"Na bile bibanda bya mbao?" Océane akauliza. "Nilibionaka ku Internet. Biko bizuri."

"Vimejaa," nikasema.

Havikuwa vimejaa. Vilibaki kumi na vinne. Nilivihesabu kwa rula.

Jikoni, sauti ya kijiko ikakoma.

"Papa Tito," Mama Alphonsine akaita bila kugeuka. "Chambre ni moja?"

"Moja, mama," nikajibu.

"Na douche ya kuoga?"

"Moja."

"Bon. Alors mi nitabaki. Muende na batoto. Mi niko na kazi ku nyumba."

"Maman, non," Océane akasema.

"Nitabaki, ma fille. Usikasirike. Mutaniletea photos."

Ilikuwa imekwisha. Ningenyamaza pale, ningekuwa mwovu wa kawaida. Lakini nilikuwa nimevaa tai.

Nikasimama. "Dunia imebadilika," nikasema, kwa sauti ya kufika jikoni. "Mtu aliyesoma halali na mila kitandani. Haya mambo ya kujificha nyuma ya mlango na kuogopa choo cha mkwe tuliyaacha kijijini. Anayeyang'ang'ania hapa Brussels anawafunga watoto wake miguu."

Mabega ya Mama Alphonsine yalishuka kidogo, kama mtu aliyetwishwa ndoo. Océane akainamisha kichwa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Mimi nikaomba sahani ya pili ya sombe, kisamvu cha kwao. Aliyeipika ni Mama Alphonsine.

*

Jumatano Tito akaja kwangu Molenbeek. Alipanda ngazi mbili mbili, uso unameta.

"Baba, maneno yako yalinikaa kichwani," akasema. "Nilikasirika kwanza, nakuambia ukweli. Halafu nikajiuliza: miaka kumi na mmoja namwamkia mama wa mke wangu kutoka korido, na sijawahi hata kuuliza kama kuna njia."

"Njia ya nini?"

"Ya kulifungua lile jambo. Nikaenda Matonge, mtaa wa Wakongo, kumwona mzee Ngoy, anatoka kwao. Akacheka sana. Akasema, mutoto, miaka yote hiyo ulikuwa unangojea nini? Unapeleka mbuzi na kitenge, unasema maneno mbele ya shahidi, imekwisha."

Nikakaa kitandani.

"Mbuzi nimemnunua hapo chini mtaani kwako, kwa yule mchinjaji wa kona. Mzima mzima, nimembeba begani mpaka kwake. Baba, amenishika mkono. Tumekula sahani moja. Alikuwa analia, and me too, sikufichi."

"Vizuri," nikasema.

"Anasema nikushukuru. Alidhani unamsimanga, kumbe ulikuwa unamfungulia mlango. Hayo ni maneno yake. So anakuja. Chumba cha kasri nimekilipia leo asubuhi, pesa hairudi."

"Chumba cha watu sita."

"Cha watu sita, kama ulivyotaka. Wewe dabo deka ya chini, Chloé juu yako. Mama dabo deka ya pili, hatua mbili kutoka kwako. Mimi na Océane kitanda kikubwa, tunawaona wote."

Ile picha ya rangi ilikuwa mezani. Niliutazama mlango wa kioo. Nikawaza nikitoka pale alfajiri, pampasi iliyolowa mkononi, mke wa mwanangu ameamka, wajukuu wamekaa kitandani wananitazama. Nikasikia joto kule chini. Nashukuru nilikuwa nimevaa.

Nikakohoa. "Tito. Kwetu Same, baba mkwe halali chumba kimoja na mke wa mwanawe."

Tito alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba, mtu aliyesoma halali na mila kitandani. Chloé ameyaandika hayo kwenye kadi, kayabandika kwenye friji. Kwa rangi ya dhahabu."

"Na mgongo wangu siku hizi..."

"Nilijua utasema mgongo. Nimekuombea kiti cha magurudumu pale getini. Chloé na Mathieu wanagombania nani atakusukuma."

Akaniacha. Nilimsikia akishuka ngazi huku anapiga mluzi.

Siku hiyohiyo nikaandika barua.

*

Niliiandika kwa Kifaransa, kwa mkuu wa wauguzi wa hospitali ile, na kila kitenzi kilikaa mahali pake. Nilisema kwamba msaidizi wao, nikamtaja jina na ukoo, ametoa siri ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni mimi. Barua kama hiyo humfukuzisha mtu kazi. Nilijua. Mama Alphonsine alikuwa amebakiza miaka minne astaafu.

Nilipanga hivi: akishashtakiwa, lolote atakalolisema juu yangu litaonekana ni kisasi. Na katika vurugu hiyo, nani atakumbuka kasri?

Ila barua ilikuwa na upungufu mmoja. Haikusema alitoa siri lini, wapi, mbele ya nani, kwa kuwa hakuwahi kuitoa. Mwalimu wetu wa shule ya jioni angeirudisha na alama nyekundu. Nikaiacha mezani siku nne, bahasha iko wazi.

Jumapili simu ikalia. "Papa Tito, ni mi Alphonsine. Kesho saa tisa, mukuye Porte de Namur. Tunywe kitu kidogo. Mukuye peke yenu."

Nikajua anakuja na bei yake ya kunyamaza.

*

Nilimkuta kwenye mkahawa mdogo ulio karibu na mlango wa metro. Alikuwa amevaa kitenge kipya, kile cha Tito, na kilemba chake. Mezani, mbele ya kiti changu, kulikuwa na kikombe cha chai.

"Keti, Papa Tito. Nimekuombea chai. Café inakukimbiza ku toilette."

Nikaketi. "Sema ulichoniitia, mama."

Akasogeza kichwa karibu, akateremsha sauti. "Nilipiga téléphone ku hôtel. Kuko chambre moja kidogo, en bas, ku chini, inaangaliana na ya batoto. Iko na douche yake, na WC yake. Nimeikamata. Ni yako."

"Yangu kwa nini?"

"Usiogope. Batoto nilibaambia ni kwa sababu yangu. Nilisema: mbuzi ilikuwa ya Tito. Papa Tito yeye angali mukwe wangu, mi siwezi kulala naye chambre moja, hata muniue. Bon, Océane akanikaripia. Anasema, maman, weye haubadilike, Papa mwenyewe alisema, bantu balisoma banakucheka. Nikasema bacheke."

"Wamekubali?"

"Bamekubali. Banasema mi niko muntu wa pori. C'est pas grave, si kitu."

Kisha akainua kutoka sakafuni mfuko wa karatasi wa duka la mikate, umekunjwa vizuri juu, akausukuma kwangu. Ulikuwa mwepesi kuliko mkate.

"Hii uweke mu valise ya safari. Ni zile za ku hôpital, za usiku, hazifanye kelele ukitembea. Zingine nitabeba mu sac yangu, batoto basione."

Masikio yakaniwaka. "Mama Océane, sijui unazungumzia nini."

Akacheka polepole, kicheko cha kumbembeleza mtoto mwenye homa. "Papa Tito. Mi nilikuoshaka. Uko na kitu gani ya mupya mi sijaona?"

"Umemwambia nani?"

"Mi? Hata Océane hajue. Kunyamaza ni kazi yangu, banalipa nanyamaza." Akagusa kikombe changu. "Kunywa, inapoa."

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo nilipo mimi mzima. Angenitukana, ningemsamehe. Angenitisha, ningempigia magoti na kesho yake ningemsahau. Lakini alinihurumia. Alikubali kuitwa mtu wa pori na mtoto wake wa kumzaa ili mimi nipate choo. Mwanamke aliyeacha shule darasa la tano, anayekula na mgongo mlangoni, alinitazama kama mgonjwa wa kitanda namba fulani, akanipa vitu vyangu kwenye mfuko wa mikate.

Nikanywa chai yote. Nikamshukuru kwa Kifaransa. Nikachukua mfuko, nikashuka metro.

*

Nyumbani sikuvua koti. Nikaivuta barua, nikaongeza sentensi ile iliyokosekana: kwamba Jumatatu hii, saa tisa alasiri, katika mkahawa wa Porte de Namur, mtajwa alizungumza waziwazi juu ya maradhi yangu na mahitaji yangu, watu wakiwepo.

Watu walikuwepo. Kulikuwa na mhudumu, na wazee wawili waliokuwa wanacheza karata karibu na dirisha. Hakuna hata mmoja wao aliyejua neno moja la Kiswahili.

Sentensi yangu haikuwa na uongo ndani yake. Nilitafuta, sikuuona. Hiyo ndiyo elimu niliyoipata jioni, baada ya kazi, miaka sita.

Simu ikatikisika. Chloé alikuwa ametuma ujumbe wa sauti.

"Babu, ni mimi. Kambo anasema utakuwa na chumba chako peke yako. Je, naweza kuja asubuhi kukuamsha? Kambo amesema nisije hivihivi, nikuombe wewe kwanza, na nigonge mlango, na ningoje mpaka useme ingia. Hata ukichelewa kusema. Basi. Bisous."

Niliusikiliza mara mbili.

Alimwita Kambo, kama watoto wa kwao wanavyoita bibi. Na huyo Kambo alikuwa amekwisha kumfundisha mjukuu wangu kugonga na kungoja.

Nikalamba gundi. Nikaifunga bahasha, nikaikandamiza kwa kiganja kutoka kona hadi kona. Nikabandika stempu. Mbele nikaandika anwani ya hospitali. Nyuma nikaandika jina langu kamili, Elineema, na ukoo, na mtaa, na namba ya nyumba, kama tulivyofundishwa: barua isiyo na mwandishi haisomwi na mtu mwenye akili.

Safari ilikuwa Ijumaa. Barua ya Jumatatu, ikiwahi gari la posta la saa kumi na moja, hufika Jumatano.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Nikatoka. Mwenye nyumba alikuwa ameniambia atapita jioni hiyo kutazama bomba, na ana tabia ya kuchungulia vitu vya watu, kwa hiyo mfuko wa mikate sikuuacha. Nikashuka nao.

Muuza mapazia alikuwa mlangoni kwake, mikono nyuma.

"Umepata mikate, mzee?" akaniuliza kwa Kifaransa.

"Nimepata."

"Ya moto?"

"Ya moto."

Sanduku jekundu la posta liko kona ya pili, karibu na kituo cha tramu. Nikasimama mbele yake. Gari la posta lilikuwa linaingia mtaani, taa zake zinawaka na kuzima.

Mkono wa kulia ulikuwa na barua, tayari nusu imo ndani ya mdomo wa sanduku. Mkono wa kushoto ulikuwa na mfuko wa Mama Alphonsine.

Nikaachia wa kulia.